Nyumba ya Kazi

Jumatatu moja, saa nne usiku, ajenti wangu alinitumia kazi. Kurasa sita, mwisho Jumatano asubuhi. Mada: usanifu wa nyumba za kihistoria za wafanyakazi katika kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe. Maagizo yalikuwa mistari miwili. Eleza nyumba zilivyojengwa, na umfanye msomaji asikie joto la jamii iliyoishi humo. Malipo yale yale, shilingi 300 kwa ukurasa.

Kama hujawahi kufanya kazi hizi za mtandaoni, ngoja nikueleze. Unaandika, mtu mwingine anaweka jina lake, mwingine tena analipwa dola, na wewe unapata kilichobaki kwa M-Pesa. Mimi nimeandika kuhusu mabomba ya maji yanayoganda kule Toronto na sijawahi kuona barafu nje ya friji. Nimeshauri watu wanaonunua boti. Kwa hivyo makaa ya mawe hayakunitisha. Nilinunua bando, nikapika chai, nikaanza kusoma kuhusu kaunti ya Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kwa sababu huko vijiji vya aina hii vilijaa kila upande.

Kufikia saa nane usiku nilikuwa nimesahau kwamba nasoma kuhusu Uingereza.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba vijiji hivi havikukua vile kijiji hukua. Hakuna mto uliowavuta watu, hakuna soko lililoanza chini ya mti. Mwenye mgodi alitoboa shimo, akakuta makaa, akahitaji mamia ya wanaume karibu na lile shimo, basi akajenga safu za nyumba. Horden, kwenye pwani ya Durham, palikuwa mashamba na nyumba chache tu hadi mgodi ulipoanza kuchimbwa mwaka 1900. Baada ya miaka michache pakawa mji. Na kwa kuwa mji wenyewe ulijengwa kwa haraka, hata majina ya kuipa mitaa hayakutafutwa. Iliitwa Mtaa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, hadi wa Kumi na Tatu. Kule Ashington, Northumberland, ni hivyo hivyo: Safu ya Kwanza hadi ya Kumi na Moja. Easington Colliery walitumia alfabeti. Kundi moja la mitaa majina yote yanaanza na A, kundi linalofuata B, na kuendelea.

Mimi nilizaliwa Laini ya Tatu, mlango wa 14.

Si Durham, ni Kericho, kwenye shamba la majani chai la kampuni ambayo sitaitaja. Mama alichuma majani pale miaka ishirini na minne. Ukimuuliza mtoto wa pale anakaa wapi, hakwambii jina la kijiji. Anakwambia laini, kisha namba. Nilipofika chuo kikuu na kujaza fomu iliyouliza anwani ya nyumbani, nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu.

Nirudi Durham. Tofali za nyumba hizo mara nyingi zilichomwa na mgodi wenyewe, maana migodi mingi ilikuwa na tanuri lake la matofali. Kwa hiyo shimo lilitoa makaa, udongo na nyumba. Nyumba za zamani zaidi zilikuwa za ghorofa moja: chumba kimoja kikubwa chini, na juu yake dari lililo chini ya mteremko wa paa, unalifikia kwa ngazi ya mbao. Watoto walilala huko juu. Baada ya sheria ya afya ya umma ya mwaka 1875 na kanuni zake kuhusu upana wa barabara na nafasi ya uani, safu mpya zikaanza kufanana: ghorofa mbili, vyumba viwili chini na viwili juu, ua mdogo nyuma, kisha kichochoro.

Kichochoro cha nyuma ndicho kilichonivutia. Mlango wa mbele ulifunguliwa kwa harusi na jeneza. Maisha yote yalikuwa nyuma. Mchimbaji alipewa makaa ya bure kama sehemu ya ujira wake, na mkokoteni uliyamwaga tu kichochoroni, rundo mbele ya kila ua. Mama na watoto walichukua koleo wakayaingiza kupitia kidirisha kidogo ukutani. Choo nacho kilikuwa huko huko uani au ng'ambo ya kichochoro, choo cha majivu, nacho kilikuwa na kidirisha chake ambacho mtu wa mkokoteni alipitishia koleo kuondoa uchafu. Vidirisha viwili kwenye ukuta mmoja: kimoja cha kuingiza moto, kingine cha kutoa kinyesi. Na katikati yake, siku ya kufua, kamba za nguo kutoka upande huu hadi ule, na wanawake wakigombana na mwenye mkokoteni asizipitie.

Hapo nilimpigia Mama simu. Ilikuwa asubuhi, kabla hajaenda shambani.

"Mama, choo cha laini kilikuwa hatua ngapi kutoka mlangoni?"

"Usiku au mchana?"

"Kwani kilikuwa kinahama?"

"Mchana hatua thelathini, baba. Usiku arobaini, kwa sababu unazunguka mahali mbwa wa nyapara analala." Kisha akauliza, "Unaandika kuhusu sisi?"

Nikasema hapana, naandika kuhusu Wazungu wachimba makaa. Akacheka. "Wazungu nao walikaa laini?"

Walikaa, Mama. Na walikaa kwa mpango ambao ungeujua hata ukifunga macho. Nyumba ya kila mchimbaji ilikuwa sawa na ya jirani, ila mwishoni mwa safu palikuwa na nyumba pana kidogo ya msimamizi, na mbali zaidi, upande ambao upepo hauleti moshi, nyumba ya meneja yenye bustani na miti. Ukipewa ramani ya kijiji bila maandishi yoyote, bado ungesoma nani anampa nani amri. Kwetu ilikuwa hivyo. Nyumba yetu chumba kimoja na jiko la nje. Ya nyapara vyumba viwili na veranda. Ya meneja hatukuwahi kuiona vizuri, tuliona ua wa kei apple na paa.

Ndani ya nyumba ya Durham, kitu kikubwa kilikuwa jiko. Si jiko kama letu la kubeba. Hili ni jiko la chuma lililojengwa ukutani, moto katikati, oveni upande mmoja na tangi la kuchemsha maji upande wa pili. Halikuzimwa, kiangazi wala baridi, kwa sababu makaa ni ya bure na kazi haiishi. Baba yuko zamu moja, mtoto mkubwa zamu nyingine, mpangaji zamu ya tatu. Kila anayerudi ni mweusi kichwa hadi kidole, anataka maji ya moto, chakula, na nguo za kesho zikaushwe. Beseni kubwa la bati linawekwa mbele ya moto naye anaoga hapo, watu wakipita. Mabafu ya mgodini yalichelewa sana. Mfuko wa ustawi wa wachimbaji ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1920 ndio ulioanza kuyajenga kwa wingi, na kabla ya hapo mwanamke ndiye aliyekuwa bafu la mgodi, bila mshahara. Nje kando ya mlango palikuwa na kibao cha slate. Mchimbaji aliandika kwa chaki saa anayotaka kuamshwa, na mwamshaji aliyezunguka usiku alisoma na kugonga.

Sisi tuliamshwa na king'ora. Kilisikika laini zote. Hadi leo Mama huamka saa kumi na moja kasoro, na hakuna king'ora Malava.

Unaweza kuziona nyumba hizi kwa macho. Makumbusho ya Beamish, huko huko Durham, yana safu ya nyumba sita zilizojengwa miaka ya 1860 na kampuni ya makaa ya Hetton. Zilibomolewa pale Hetton-le-Hole zikahamishwa na kujengwa upya, na jiko la chuma na beseni la bati na bustani mbele yenye mboga. Wageni wanalipa kuingia. Nilitazama picha zake hadi macho yakauma. Mkeka uliofumwa kwa vitambaa vya nguo kuukuu. Kitanda kinachokunjwa kikafanana na kabati, mchana kisionekane. Ujanja wa watu wa chumba kimoja ni mmoja duniani. Sisi tulikuwa na pazia. Mchana limefungwa, ni sebule. Usiku limefunguliwa, ni nyumba mbili.

Hadi hapo makala ilikuwa inaandikika vizuri. Joto la jamii lilikuwepo tele, na sikulidanganya. Halafu nikaingia mahali ambapo maagizo hayakunituma.

Nyumba ya mchimbaji haikuwa na kodi. Ilikuwa sehemu ya mshahara, na kwa muda mrefu iliandikwa ndani ya mkataba ambao wachimbaji wa Durham walifungwa nao mwaka mzima, mfumo uliodumu hadi 1872. Maana yake unaijua tayari kama umewahi kukaa nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba imeisha. Mwaka 1844 wachimbaji wa Durham na Northumberland waligoma miezi kadhaa. Wenye migodi hawakuhitaji kubishana nao sana. Walituma watu nyumba kwa nyumba kutoa vitu nje. Familia zikalala kando ya barabara na nyikani, makabati na vitanda vimesimamishwa kuwa kuta, mablanketi juu yake kuwa paa. Lord Londonderry, aliyekuwa na migodi na bandari ya Seaham, alileta watu kutoka mashamba yake ya Ireland wachukue nafasi zao, na akawaonya wenye maduka wa Seaham wasiwakopeshe wagomaji. Nyumba zikaingia watu wengine. Zilikuwa zimejengwa kwa hilo.

Hapa ndipo mwanafunzi wa zamani wa usanifu majengo aliye ndani yangu aliamka. Nilisoma mihula mitatu tu kabla ya kuacha, lakini mihula mitatu inatosha kujua kwamba mpango wa nyumba ni maelezo ya nani anategemewa kukaa humo na kwa muda gani. Tuliambiwa nyumba za wafanyakazi zinafanana kwa sababu ni rahisi kujenga. Ni kweli. Lakini zinafanana pia ili familia yoyote iingie mahali pa familia yoyote siku hiyo hiyo, bila kubadilisha hata msumari. Ukiwa na nyumba kumi na nne zinazofanana una watu kumi na wanne wanaoweza kubadilishwa. Kuta ni nene, paa halivuji, jiko ni zuri, na ufunguo si wako. Huwezi kueleza usanifu wa nyumba hiyo ukaacha ufunguo nje.

Wanaogoma angalau wanajua wanachofanya. Lakini hata aliyefanya kazi vizuri maisha yake yote alifika siku hiyo hiyo. Akizeeka, mapafu yakichoka, alitakiwa kumpisha mchimbaji mwenye nguvu. Miaka arobaini unachimba, kisha unaambiwa nyumba inahitajika.

Barua ya Mama ilikuja nikiwa mwaka wa pili. Mashine za kuchuma majani zilikuwa zimeingia, mgongo wake ulikuwa umekataa, na alikuwa katika orodha. Ilikuwa barua ya heshima. Ilimshukuru. Ilimpa siku thelathini.

Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2007 inasema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au pesa za kutosha kupanga. Ni kama Durham tu, mchimbaji aliyekosa nyumba ya mgodi alipewa posho ya kodi. Lakini neno ni mfanyakazi. Siku ya thelathini na moja Mama hakuwa mfanyakazi. Kiinua mgongo chake kililipa deni la saco, kikalipa lori la kutubebea vitu hadi Malava kwenye kipande cha marehemu Baba, na kikaishia kwenye mbao. Mabati yalikosa. Mimi nilikuwa na karo ya muhula wa nne kwenye simu, pesa iliyochangwa na wajomba. Nilinunua mabati ishirini na manne, geji thelathini. Nilimwambia Mama chuo kimenipa likizo ya kusubiri. Hiyo likizo sasa ina miaka minne, na hajawahi kuniuliza inaisha lini. Nadhani alihesabu mabati siku ile ile akajua.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema kwa sababu nilipofika kwa Joseph Hopper usiku ule, nilisimama nikazunguka chumba.

Hopper alikuwa mchimbaji wa Durham na mhubiri wa Kimethodisti. Aliona wazee wakitolewa nyumbani, na hakuandika barua kwa wenye migodi kuomba huruma. Mwaka 1898 kilianzishwa chama cha kuwajengea makao wachimbaji wazee. Wachimbaji wenyewe walichangia kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara, na mwaka uliofuata chama kikapata nyumba zake za kwanza Haswell Moor, nyumba za mgodi ambao ulikuwa umefungwa. Baadaye kikajenga zake katika vijiji vingi. Ukizitazama zinaonyesha waliozijenga walimfikiria nani: za chini tu, hazina ngazi, kwa sababu magoti ya mchimbaji yameisha. Zimepangwa karibu na kijiji, mzee asitengwe na watu aliozeeka nao. Ni nyumba ndogo. Lakini ni nyumba za kwanza katika habari hii yote zilizochorwa kwa mtu ambaye hafanyi kazi tena.

Niliwaza chama cha akina mama wa Laini ya Tatu. Walikutana kila Jumapili ya pili. Walichangia sufuria, mablanketi, mazishi. Mazishi waliyapanga vizuri sana. Siku ya kutoka hakuna aliyeichangia, kwa sababu kuichangia ni kama kuiita.

Durham yenyewe haikuokoka. Serikali ilichukua migodi mwaka 1947, na nyumba nyingi pamoja nayo. Mwaka 1951 mpango wa maendeleo wa kaunti ukagawa vijiji katika makundi manne. Vijiji 114 vikawekwa kundi D: mgodi utakufa, kwa hivyo hakuna haja ya kujenga kitu kipya hapo, kijiji kiachwe kife nao. Watu walipinga miaka mingi hadi sera hiyo ikaachwa mwaka 1977, na wakati huo mitaa mizima ilikuwa imebomolewa. Mgodi wa Horden ulifungwa 1987, wa Easington 1993. Waliokuwa wakililia nyumba hizo si wapumbavu wasiojua choo cha majivu ni nini. Walikuwa watu ambao kichochoro kiliwalea.

Nalijua hilo kwa sababu ya Mama. Nilitarajia atasema nyumba ya Malava ni bora, maana ni yake. Nilimuuliza katika simu ile ile. Alinyamaza kidogo.

"Hii ni yangu," akasema. "Lakini ile ilikuwa na bomba hatua kumi, na mama Chebet nyuma ya ukuta. Nikikohoa anauliza. Hapa naweza kukohoa hadi Ijumaa."

Kwa hivyo niliandika kurasa sita, na katika hizo, moja na nusu ilikuwa kuhusu 1844, ufunguo na Hopper. Nilituma Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu ajenti alirudisha. Mteja amependa jiko na kichochoro, amependa sana kibao cha chaki. Ila ile sehemu ya kufukuzwa aitoe, anataka usanifu, si siasa. Aongeze kidogo kuhusu bustani.

Nilianza kuandika jibu kwamba huo ndio usanifu. Niliandika jibu refu, zuri. Kisha nikaangalia bando limebaki ngapi na kodi ni lini, nikafuta jibu, nikakata ukurasa mmoja na nusu, nikaongeza bustani. Wachimbaji wa Durham walipenda sana kulima liki na kufuga njiwa, kwa hivyo haikuwa uongo. Saa tano ilipokelewa. Shilingi 1,800.

Nilichokata ndicho hiki unachosoma, pamoja na mambo ambayo mteja asingeweza kuyakata kwa sababu sikumwandikia.

Shilingi 1,000 nilimtumia Mama. Alipiga simu kushukuru, akasema ataongezea zake za mayai anunue gata za upande mmoja wa nyumba, mvua zikianza maji yaingie kwenye pipa asipande tena kile kilima na mtungi. Aliniuliza mabati yetu yana urefu gani, fundi anataka kujua. Nilimwambia bila kupima. Huo urefu naujua kwa kichwa.